Soichiro Honda: Mwana wa mhunzi aliyepachika injini pasipo pake

Kama unaishi Mraru, au hapo Voi mjini, na mikono yako imezoea spana, basi nakisia umewahi kuliwaza jambo hili. Kuna pikipiki ya boda boda iliyogongwa. Fremu imepinda, haifai tena, lakini injini iko salama kabisa. Kuna fundi wa kuchomelea anayejua kuunganisha mabomba ya chuma. Kuna magurudumu manne madogo yamelala nyuma ya gereji ya mtu. Mbona injini hiyo isiwekwe kwenye kigari cha mbio?

Usione haya, wazo hilo si la kitoto. Kuna mashindano ya wanafunzi wa vyuo vikuu yanayoitwa Formula Student ambako vijana hujenga gari dogo la mbio kwa mikono yao wenyewe. Kwa miaka mingi injini iliyopendwa sana huko imekuwa ya pikipiki, hasa Honda CBR600. Ni nyepesi, ina nguvu, na gia zake zimo ndani ya kasha lilelile la injini. Kuifunga kwenye fremu si kazi ngumu mno. Kazi huanza baadaye, pale inapogoma kuwaka au inapowaka na kukohoa, kwa sababu imetolewa mahali ilipozoea na hakuna aliyeifundisha kuishi mahali papya.

Mtu aliyeijua shida hiyo kupita wengi ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye tenki. Hata kama boda yako ni ya kampuni nyingine, huenda ana mkono wake humo, maana injini nyingi za pikipiki za Kichina za cc 125 na 150 zilichorwa kwa kufuata Honda CG125 ya mwaka 1976. Leo nataka nikusimulie habari za mzee huyo, Soichiro Honda.

Alizaliwa Novemba 17, 1906, katika kijiji cha Komyo karibu na mji wa Hamamatsu, Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi ambaye pia alitengeneza baiskeli. Mama yake, Mika, alikuwa mfumaji wa nguo. Gari la kwanza lilipopita kijijini, mtoto huyu alilikimbilia kwa nyuma, na oili ilipodondoka chini akainama kuinusa. Mwaka 1917 rubani Mmarekani Art Smith alikuja Hamamatsu kuonyesha michezo ya angani. Soichiro akachukua baiskeli ya baba yake bila ruhusa, akaendesha kilomita nyingi mpaka huko, na kwa kuwa hakuwa na pesa za kiingilio, akapanda mti akatazama kutoka juu.

Shuleni hakuwa mtu wa kupigiwa mfano. Ripoti za mitihani zilipaswa kupigwa mhuri wa familia nyumbani na kurudishwa. Yeye akachonga mhuri wake kutoka kwa mpira wa pedali ya baiskeli, na ukakubalika. Wenzake waliposikia wakataka yao pia, naye akawachongea. Hapo ndipo akashikwa. Hakujua kwamba mhuri huchongwa kinyume, kama sura kwenye kioo. Jina la Honda kwa maandishi ya Kijapani linafanana pande zote mbili, kwa hivyo lake lilipita, lakini ya wenzake yakatoka yamegeuka.

Mwaka 1922, bado kijana wa miaka 15, alikwenda Tokyo kujifunza kazi katika gereji iliyoitwa Art Shokai. Alitarajia kupewa spana. Akapewa mtoto wa tajiri amlee. Miezi ya kwanza ilikuwa ya kufagia na kubembeleza mtoto, hadi siku kazi zilipozidi ndipo akaitwa chini ya gari. Septemba 1, 1923, tetemeko kubwa la ardhi liliupiga Tokyo na moto ukala sehemu kubwa ya mji. Mafundi wakakimbilia kuyaokoa magari ya wateja, na kijana Honda naye akashika usukani wa moja.

Tajiri wake, Yuzo Sakakibara, alipenda mbio. Gereji ilipata injini ya ndege ya Curtiss, V8, iliyotengenezwa Marekani kwa ajili ya kuruka. Wakaifunga kwenye chesisi ya gari la Kimarekani la Mitchell. Fikiria ukubwa wa kazi hiyo. Injini ya ndege hupenda kuzunguka kwa mwendo mmoja kwa muda mrefu. Gari la mbio huongeza kasi, hupunguza na kuongeza tena, kona baada ya kona. Novemba 23, 1924, gari hilo lilishinda mashindano yaliyofanyika Tsurumi. Dereva alikuwa ndugu ya tajiri, na kijana aliyekaa pembeni kama fundi wa safari alikuwa Soichiro Honda. Gari hilo lipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Honda huko Motegi.

Mwaka 1928 alirudi Hamamatsu kufungua tawi la gereji hiyo. Wakati huo magari mengi yalikuwa na magurudumu ya spoki za mbao. Honda akabuni za chuma na kupata hataza yake. Pesa zikaingia, naye akazitumia kujenga magari ya mbio. Juni 1936, katika uwanja wa Tamagawa, alikuwa akiendesha gari alilojenga mwenyewe lenye injini ya Ford, kaka mdogo Benjiro akiwa kando yake. Gari lingine likaingia njiani, wakagongana, la Honda likapinduka. Wote wawili walirushwa nje na kuumia vibaya, Benjiro zaidi, kwa kuwa alivunjika mfupa wa uti wa mgongo. Kazi ya udereva wa mbio ikaishia karibu na hapo.

Akaamua kutengeneza ringi za pistoni. Ukiwa umefungua injini ya boda unazijua: ni vile vipete vyembamba vinavyozuia mgandamizo usivuje na oili isipande juu. Vinaonekana rahisi, lakini vyake vilikuwa vikikatika hovyo. Alipeleka ringi 50 kwa Toyota zikakaguliwe, na 3 tu ndizo zilizofaulu. Fundi mwenye jina, mwenye hataza, alikuwa hajui kilichomo ndani ya chuma anachoyeyusha. Basi akajiandikisha katika chuo cha ufundi Hamamatsu na kukaa darasani na vijana. Aligundua kwamba chuma chake kilikosa silikoni ya kutosha. Mitihani hakuifanya kwa sababu alikuja kutafuta jibu la ringi na si cheti, chuo kikamfukuza, naye akaendelea kuhudhuria masomo. Mimi sikushauri uige hilo la mitihani. La kurudi darasani, ndiyo.

Kiwanda chake kikakua wakati wa vita, kisha kikaharibiwa na mabomu ya Wamarekani, na Januari 1945 tetemeko likaangusha kilichosalia. Akawauzia Toyota mabaki kwa yen 450,000 na kupumzika kwa mwaka mzima bila kufanya kazi yoyote ya maana.

Japani ya 1946 ilikuwa nchi iliyoanguka. Mafuta yalikuwa ya mgao, treni zilijaa kupita kiasi, watu walienda kutafuta chakula kwa baiskeli. Honda akafungua karakana ndogo kama chumba kimoja cha kupanga, Hamamatsu. Mahali fulani akaona injini ndogo ambazo jeshi lilizitumia kuzalisha umeme wa redio za mawasiliano. Vita vimekwisha, hakuna anayezitaka. Akanunua kama 500.

Injini ya redio, kwenye baiskeli. Tenki la mfano wa kwanza lilikuwa chombo cha maji moto cha kupasha kitanda. Petroli haikupatikana kwa urahisi, kwa hivyo watu walichanganya na mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwa mizizi ya misonobari. Yalitoa moshi na harufu kali. Mke wake, Sachi, ndiye aliyepanda baiskeli hiyo na kuizungusha mjini ili watu waone kwamba hata mama anayetoka sokoni anaweza kuiendesha. Biashara ikashika moto. Injini za jeshi zilipokwisha, mwaka 1947 wakatengeneza ya kwao ya cc 50, na Septemba 24, 1948, kampuni ya Honda Motor ikasajiliwa.

Mwaka uliofuata alikuja Takeo Fujisawa. Huyu ndiye mtu anayesahaulika katika hadithi za Honda, na si haki. Honda alijua injini, Fujisawa alijua pesa na wateja. Waligawana kazi na kila mmoja akaheshimu mpaka wa mwenzake, isipokuwa mara moja ambayo nitakueleza. Mwaka 1954, kampuni ikiwa katika hali ngumu ya kifedha, Honda alitangaza kwamba wangeshindana katika mbio za pikipiki za TT kwenye kisiwa cha Man. Alikwenda kutazama mbio hizo na kukuta pikipiki za Ulaya zikiwa na nguvu mara tatu ya zake kwa ukubwa uleule wa injini. Alirudi na mizigo ya vipuri. Mwaka 1959 pikipiki zake zilishiriki na kupata nafasi ya 6 katika daraja la cc 125. Mwaka 1961 zilichukua nafasi zote tano za kwanza katika daraja la cc 125, na tena tano za kwanza katika cc 250. Katikati ya hayo, mwaka 1958, ilitoka Super Cub, pikipiki ambayo kufikia mwaka 2017 ilikuwa imetengenezwa mara milioni 100.

Sasa tufike kwenye magari, ambayo ndiyo yaliyokuleta hapa.

Mapema miaka ya 1960 serikali ya Japani ilitaka kuzuia kampuni mpya kuingia kwenye utengenezaji wa magari. Honda akakasirika na kuharakisha. Mwaka 1963 akatoa lori dogo la T360 na gari la michezo la S500. Ukiifungua S500 utacheka, maana ni pikipiki iliyovaa koti la gari. Injini ya cc 531, kabureta nne, moja kwa kila silinda, na nguvu ikifikishwa kwenye magurudumu ya nyuma kwa cheni! Kila gurudumu na cheni yake.

Mwaka uliofuata akaingia Formula One, mbio za langalanga zenyewe, baada ya miezi michache tu ya kuuza magari. Kwanza mpango ulikuwa kuipa kampuni ya Lotus injini tu. Lotus ikajitoa, basi wakajenga gari zima wenyewe. Injini ilikuwa na silinda 12 na ukubwa wa lita 1.5. Gawanya hesabu hiyo uone: kila silinda ni kama cc 125. Yaani ni boda boda kumi na mbili zimefungwa pamoja. Ililazwa kwa upana, kama kwenye pikipiki, ilikuwa na vali 48, na ilizunguka zaidi ya mara 11,000 kwa dakika. Wapinzani wengi walikuwa na injini za silinda nane. Hakuna mtu katika mbio hizo aliyepata kuona kitu kama hicho.

Na haikufanya vizuri. Agosti 1964 ilianza katika uwanja wa Nürburgring, Ujerumani, na Mmarekani Ronnie Bucknum. Mbio tatu mwaka huo, hakufika mwisho hata mara moja. Nguvu ilikuwepo tele, lakini injini ilipata joto kupita kiasi na ulishaji wa mafuta ulisumbua. Walianza na kabureta, wakahamia kwenye mfumo wa kusukuma mafuta kwa pampu hadi kwenye kila silinda. Mfumo huo haukuwa na kompyuta. Ulikuwa wa vyuma vitupu, na ulipima mafuta kwa jinsi fundi alivyourekebisha kabla ya mbio.

Hapa naomba utulie kidogo nikueleze jambo ambalo wewe wa Taita unalijua mwilini hata kama hujalisoma.

Petroli haiungui peke yake. Ili iungue yote, gramu 1 ya petroli inahitaji karibu gramu 14.7 za hewa. Hewa ikipungua, petroli imezidi: plagi inakuwa nyeusi, sailensa inatoa moshi mweusi, injini inakuwa nzito. Hewa ikizidi, injini inachemka na pistoni inaweza kutoboka. Sasa toka Voi, mita 600 hivi juu ya bahari, pitia Mwatate, panda kona zile hadi Wundanyi. Umeongeza mita kama 800. Huko juu hewa ni nyepesi, lakini kabureta ya boda yako haijui. Inamwaga petroli ileile iliyozoea kumwaga chini. Ndiyo maana pikipiki inachoka mlimani hata kabla hujalaumu uzito wa abiria.

Mbio za mwisho za mwaka 1965 zilifanyika Mexico City Oktoba 24. Mji huo uko mita 2,240 juu ya bahari. Kilele cha Vuria, mlima mrefu kuliko yote ya Taita, ni mita 2,208. Yaani ilikuwa kama kushindana juu ya Vuria. Huko kila lita ya hewa imepungua uzito kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na Mombasa.

Msimamizi wa timu ya Honda, Yoshio Nakamura, alikuwa amefanya kazi ya injini za ndege kabla ya kuingia kwenye magari. Mtu wa ndege anajua kwamba kadiri unavyopanda ndivyo lazima upunguze mafuta, ama uanguke. Timu ilifika Mexico mapema na kutumia siku hizo kurekebisha mfumo wa mafuta hadi ulingane na hewa ya pale. Mbio zilipoanza, Richie Ginther alichukua uongozi katika mzunguko wa kwanza na hakuuachia hadi wa 65. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Honda katika Formula One, tena wa kwanza kwa gari la Kijapani. Injini ilikuwa ileile iliyokuwa ikishindwa mwaka mzima. Kilichobadilika zaidi ni kwamba safari hii ilikuwa inapewa mlo wake sawasawa.

Leo kazi aliyoifanya Nakamura kwa siku kadhaa inafanywa na kompyuta ya injini mara nyingi kwa kila sekunde. Sensa moja inasoma krenki iko wapi katika mzunguko wake, nyingine inasoma umefungua mkono wa mafuta kiasi gani, nyingine mgandamizo wa hewa inayoingia, nyingine joto la maji. Kisha kuna ile inayokaa kwenye bomba la moshi na kuonja kama petroli imeungua yote. Kompyuta inapiga hesabu, inafungua sindano za mafuta kwa muda unaofaa na kuagiza cheche kwenye plagi kwa wakati wake.

Mbona basi usichukue injini ya pikipiki pamoja na kompyuta yake ya kiwandani? Unaweza kujaribu, na wengine wamefaulu. Lakini kompyuta hiyo ilifundishwa pikipiki, haikufundishwa gari. Itatafuta swichi ya mguu wa kuegeshea. Itatafuta kifaa kinachozima injini pikipiki ikianguka. Itataka kuona ufunguo iliouzoea. Na ukibadilisha njia ya hewa au bomba la moshi, hesabu zake zote zinakuwa uongo. Kwenye Formula Student sheria inalazimisha hewa yote ya injini ya petroli ipite kwenye tundu la milimita 20 tu, kwa hivyo hesabu za kiwandani hazisaidii kitu. Ndiyo maana timu nyingi hununua kompyuta ya kando ambayo jedwali lake la mafuta na cheche liko wazi kwa fundi kulijaza upya. Huo ndio ubongo mpya wa injini. Unajazwa hatua kwa hatua, gari likiwa kwenye mashine ya kupimia nguvu, fundi akisoma ile sensa ya bomba la moshi. Ukikosea upande wa petroli kuzidi, unapoteza nguvu. Ukikosea upande wa hewa kuzidi, unapoteza injini.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hulisahau. Pikipiki inapokata kona hulala, na oili inabaki chini pale pampu inapoinyonya. Gari halilali. Oili inakimbilia pembeni, pampu inanyonya hewa, na injini inajiua kwa sekunde chache huku kompyuta yako ya bei ghali ikitazama. Weka vizuizi ndani ya beseni la oili kabla hata ya kufikiria kompyuta. Na pikipiki haina gia ya kurudi nyuma, kwa hivyo zoea kusukuma.

Turudi kwa mzee. Nilisema kuna mara moja mpaka kati yake na wenzake ulivukwa. Kufikia 1968 Honda alikuwa ameamini kwamba injini ipozwe kwa hewa, si kwa maji. Hoja yake ilikuwa na mvuto wa kifundi: maji yenyewe mwishowe hupozwa na hewa kwenye rejeta, basi kwa nini kuzunguka? Pikipiki zake zilimtajirisha kwa mtindo huo. Lakini kinachowezekana kwenye silinda moja ya cc 50 hakiwezekani kwa urahisi kwenye injini ya lita 3. Wahandisi wake walimwambia, hakusikia. Likajengwa gari la mbio la RA302, lenye injini ya kupozwa kwa hewa na mwili wenye magnesiamu, madini yanayowaka vibaya yakishika moto. Bingwa wa zamani John Surtees, dereva mkuu wa timu, alilijaribu na kukataa kushindana nalo, akisema haliko tayari.

Likapelekwa hata hivyo kwenye mbio za Ufaransa katika uwanja wa Rouen, Julai 7, 1968. Aliyepewa ni Mfaransa Jo Schlesser. Mvua ilikuwa ikinyesha. Katika mzunguko wa tatu gari liliacha njia, likagonga ukingo na kuwaka moto likiwa limejaa mafuta. Schlesser alifariki hapo. Mwisho wa mwaka huo Honda ikajiondoa kwenye Formula One.

Sikuandikii hili kumchafua. Lakini wasifu wake mwingi unaosomwa huruka hapo upesi, na mimi naona huwezi kumjua mtu huyu bila Rouen. Ukaidi uliomfanya aingie TT kampuni ikiwa hoi ni uleule uliolifikisha gari hilo kwenye mstari wa kuanzia.

Hata baada ya hapo aliendelea kung'ang'ania hewa, akatoa gari la barabarani la H1300 la mtindo huohuo, zito na la gharama. Wahandisi vijana wakaenda kwa Fujisawa. Naye, kwa mara ya kwanza, akavuka mpaka na kumuuliza Honda kama anataka kubaki mkuu wa kampuni au kuwa mhandisi. Honda akachagua ukuu, na maji yakaruhusiwa. Kutokana na ruhusa hiyo ilipatikana injini ya CVCC, iliyotangazwa 1972, ya kwanza kutimiza sheria mpya kali ya Marekani kuhusu moshi wa magari. Mzee alifurahia kwamba sasa angewapita wakubwa wa Marekani. Vijana waliounda injini hiyo walisema wao walifanya kwa ajili ya hewa watakayovuta watoto wao. Aliliwaza hilo, akaona wakati wake umefika. Mwaka 1973 yeye na Fujisawa walistaafu pamoja. Mtoto wake hakumrithi, na Benjiro, yule kaka wa Tamagawa, alikuwa amekwisha kuombwa aondoke, kwa sababu Honda hakutaka kampuni iwe mali ya ukoo.

Baada ya kustaafu alizunguka Japani nzima, kiwanda kwa kiwanda na duka kwa duka hadi vijijini, kuwashika mikono wafanyakazi. Inasimuliwa kwamba kijana mmoja alirudisha mkono nyuma kwa aibu kwa kuwa ulikuwa na oili, na mzee akaushika hivyohivyo, kisha akanusa oili kwenye kiganja chake.

Kampuni ilirudi Formula One mwaka 1983, safari hii ikiuzia timu nyingine injini zilizoongozwa na kompyuta, takwimu zikirushwa kwa redio kutoka kwenye gari hadi kwa mafundi. Mwaka 1988 magari ya McLaren yenye injini za Honda, mikononi mwa Ayrton Senna na Alain Prost, yalishinda mbio 15 kati ya 16.

Soichiro Honda alifariki Tokyo Agosti 5, 1991, akiwa na umri wa miaka 84. Siku sita baadaye Senna alishinda mbio za Hungary akiwa na injini ya Honda nyuma ya kiti chake. Mazishi makubwa ya kampuni hayakufanyika. Mzee mwenyewe alikuwa amekataza, akisema mtu anayetengeneza magari hafai kusababisha msongamano barabarani.